Kupasha Moto Injini ya Ndege kutoka Mbali

Katika mji wa Fairbanks, jimboni Alaska nchini Marekani, kipimajoto hushuka wakati wa baridi hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na pengine hadi 40. (Kwenye 40 chini ya sifuri vipimo vya Sentigredi na Farenhaiti hukutana, mwanafunzi na ahakikishe kwa hesabu yake mwenyewe.) Vijiji vingi vya Alaska havina barabara, hivyo ndege ndogo ndiyo basi na ndiyo gari la wagonjwa. Lakini rubani awashaye injini iliyolala nje usiku kucha katika baridi hiyo aweza kuiharibu kabla magurudumu hayajasogea.

Sababu ya kwanza ni oili. Msomaji akaaye nyanda za juu ameyaona mafuta ya nazi yakiganda chupani asubuhi. Oili ya injini haigandi upesi namna hiyo, bali huwa nzito kama asali, na pampu huchelewa kuifikisha kwenye beringi. Kwa muda huo chuma husuguana na chuma.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo kwa maoni yangu ndiyo mbaya zaidi. Bloku ya injini hizi ni ya alumini, ilhali mhimili unaozunguka ndani yake, yaani krankishafti, ni wa feleji. Kwa kila nyuzi 1 ya Sentigredi, alumini hupanuka au kusinyaa sehemu 23 katika milioni ya urefu wake; feleji sehemu 12 tu. Tuchukue tundu la beringi lenye kipenyo cha milimita 60, na joto lishuke kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti ya kusinyaa ni 60 × 40 × 11 ÷ 1,000,000, yaani kadiri ya milimita 0.026. Yaonekana si kitu, lakini nafasi yote iliyoachwa kwa ajili ya utando wa oili ni sehemu chache tu za mia za milimita. Hivyo mhimili hubanwa wakati uleule oili inapochelewa. Madhara yaweza yasijulikane siku hiyo, yakaja kujulikana baadaye, angani.

Marubani wa miaka ya 1920 na 1930 waliimwaga oili ndani ya debe mara walipotua, wakaiweka karibu na jiko usiku. Asubuhi waliifunika pua ya ndege kwa turubai, wakaweka moto chini yake, na mtu akakaa humo akiulinda. Ndege nyingine ziliungua.

Siku hizi hita za umeme hubandikwa chini ya chombo cha oili na kuzungushwa kwenye silinda. Je, zahitaji muda gani? Injini ya kilo 120, iliyo mchanganyiko wa alumini na feleji, huhitaji kadiri ya jouli 700 kwa kila kilo ili kupanda nyuzi 1. Kuipandisha nyuzi 40 ni jouli 3,360,000. Hita ya wati 500 ingetoa kiasi hicho kwa muda unaokaribia saa 2, kama joto lisingepotea. Lakini hupotea, hata injini ikifunikwa blanketi. Kwa hiyo yafaa saa 4 hadi 6.

Basi rubani wa alfajiri aamke usiku wa manane kwenda uwanjani? Kuiacha hita ikiwaka juma zima ni kutumia uniti 84 za umeme badala ya 3, tena unyevu uliomo ndani ya oili huweza kupanda kama mvuke, ukatonesha juu penye baridi na kuleta kutu. Saa ya kujiwasha ni rahisi, lakini haijui kwamba safari imeahirishwa kwa ukungu.

Ndipo kilipobuniwa kisanduku chenye laini ya simu ya mkononi. Rubani akiwa kitandani hutuma ujumbe mfupi; kisanduku huhakikisha kuwa namba hiyo imeruhusiwa, kisha hupitisha mkondo mdogo wa umeme katika koili ya rilei. Koili huwa sumaku, huvuta kipande cha chuma, nacho huunganisha njia ya mkondo mkubwa uendao kwenye hita.

Kisanduku hujibu kwamba kimewasha. Hapa yafaa kuwa mwangalifu: jibu hilo huthibitisha tu kwamba amri imepokelewa. Plagi yaweza kuwa imechomoka, au waya wa hita umekatika, na ujumbe ukawa uleule. Visanduku bora huwa na kipimajoto kinachogusa injini, hivyo hutuma nyuzi zenyewe. Asiye nacho hutia mkono ndani ya kifuniko cha injini na kugusa silinda kwa kiganja kabla ya kuwasha.