Samaki Arukaye Nje ya Tangi: Mwalimu Aanzie Wapi?

Mwalimu anayeweka samaki hai darasani hana budi kuwa tayari kwa asubuhi moja ya aibu. Atafungua mlango, atamkuta samaki amekauka sakafuni, na wanafunzi watamtazama yeye badala ya kumtazama samaki.

Asubuhi hiyo ilinifika mwaka 2013, nilipokuwa mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya kata ya Nyakahura, wilayani Biharamulo. Wanafunzi wa Darasa la Tano walileta perege wanne kutoka bondeni. Niliwatia katika tangi la kioo lililo wazi juu, nikalijaza maji hadi ukingoni ili lipendeze, nikatia na majani ya majini kwa wingi. Jumatatu tukawakuta wawili chini ya dawati. Kwa hasira nikalifunika tangi kwa ubao na kuweka tofali juu yake. Kesho yake wawili waliobaki walikuwa wanaelea. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na hawa waliruka?" Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa kuzuia mruko kabla ya kutafuta sababu yake. Perege anayezungushiwa wavu wa kukokota huruka juu ya wavu na kuangukia majini upande wa pili, akaokoka. Tabia hiyo hiyo inayomwokoa bwawani ndiyo inayomwua darasani. Basi samaki akiruka, mwanachuo ajiulize: anakimbia nini?

Mara nyingi anakimbia ukosefu wa hewa. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu, na kwenye nyanda za juu kama zetu kiasi hicho ni kidogo zaidi. Kwa hiyo tangi lililowekwa dirishani penye jua ni hatari. Yafaa ikumbukwe pia kwamba majani ya majini hutoa oksijeni mchana penye mwanga, lakini usiku huitumia kama wanavyoitumia samaki. Oksijeni huwa haba kuliko wakati wote karibu na mapambazuko, saa ambayo hakuna mtu shuleni. Hapo ndipo nilipoelewa Jumatatu yangu. Na ubao wangu ulizidi kuziba hata ile hewa kidogo iliyokuwa ikiingia.

Sababu nyingine ni maji machafu. Chakula kinachobaki huoza na kutoa amonia, nayo huunguza matamvua. Walishwe kile tu wanachokimaliza kwa dakika chache, na theluthi ya maji ibadilishwe kila juma. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi. Tena, perege dume wakati wa kuzaliana hulinda eneo lake kwa ukali na kuwafukuza wenzake. Katika tangi dogo anayefukuzwa hana pa kwenda ila juu. Jiwe au kigae kilichopinda humpa maficho. Watoto nao wakatazwe kugonga kioo.

Baada ya hayo ndipo tuzungumzie kifuniko. Kwanza punguza maji hadi yawe sentimita 10 au 15 chini ya ukingo. Kisha funika kwa fito za matete zilizofungwa kwa kamba ya katani, au kwa wavu wa dirishani, hewa ipite. Usitumie kipande cha chandarua cha zamani, ingawa ndicho kinachopatikana kwa urahisi katika kila nyumba. Vyandarua vingi hutiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo.

Wanafunzi wasiachwe watazamaji. Wawili wawili wapewe zamu ya kufika mapema, wapime joto la maji na kuhesabu mara ambazo samaki hufungua matamvua kwa dakika moja, kisha wahesabu tena saa sita mchana. Tofauti ya hesabu hizo itawafundisha upumuaji kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Kambale ashughulikiwe peke yake. Huyu, ambaye wavuvi wengi wa Ziwa Victoria humwita mumi, ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, na usiku wa mvua hutambaa nchi kavu. Hata maji yakiwa safi atajaribu kutoka, tena kwa kusukuma kifuniko kwa kichwa. Kwake tofali linafaa: moja kila pembe, juu ya fito, matundu yakiachwa wazi.