Fahamu: Kwa nini Santorini inawatoza abiria wa meli za kitalii

Tangu Julai 2025, abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Santorini, nchini Ugiriki, hutozwa yuro 20 kati ya Juni na Septemba; Aprili, Mei na Oktoba ni yuro 12. Sababu inaeleweka: kisiwa chenye wakazi wapatao 15,000 hupokea mamilioni ya wageni kwa mwaka, na mvua ni haba hata maji ya bahari husafishwa chumvi ili yatumike majumbani. Ila kinachouma zaidi ni msongamano wa saa chache. Meli kadhaa zikitia nanga asubuhi moja, maelfu ya watu hujazana bandari ya zamani chini ya mji wa Fira, wakingoja kupanda jabali kwa kigari cha kebo, kwa punda, au kwa miguu kupitia ngazi zaidi ya 500. Jioni wameshaondoka.

Ndiyo maana tozo peke yake haitoshi. Aliyekwisha kulipia safari ya wiki nzima haighairi kwa sababu ya yuro 20. Kinachosaidia zaidi ni kikomo kilichowekwa kisiwani cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, kwa kuwa kinagusa ratiba yenyewe. Wenye maduka watasema kupunguza meli ni kujinyima riziki. Hoja yao ina uzito, lakini mgeni anayelala siku tatu mwezi Mei hulipia chumba, chakula na usafiri. Mwezi huo bahari bado ina baridi, kweli. Ila njia ya miguu ya Fira hadi kijiji cha Oia hupitika bila jua la Agosti.