Mwenye Mlima wa Theluji

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998. Akiwa na miaka mitatu alihamia Austria na mamake, ambako baba yake wa kambo alikuwa na lifti ndogo ya skii jirani na nyumba yao. Mwaka 2018 binti huyo akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Wengi walimshangilia yeye. Mimi, fundi wa makontena ya friji hapa Mikindani, nilibaki nikimwaza mwenye lifti: mtu anayeuza baridi hulala saa ngapi?

Hulala kidogo. Theluji ya mawinguni haina ahadi, kwa hiyo wenye milima huitengeneza. Pampu husukuma maji hadi kwenye mizinga, nayo huyarusha hewani kama rasharasha ili matone yagande kabla ya kutua. Mita moja ya ujazo ya maji hutoa kama mbili au mbili na nusu za theluji.

Wengi hudhani inatosha kuwe na baridi. La. Fikiria mtungi wa udongo. Maji huupenya, yakakaukia nje, na kule kukauka ndiko kunakoondoa joto. Uupeleke Voi kwenye hewa kavu, maji yatapoa upesi. Hapa kwetu, na unyevu huu wa mkono wa bahari wa Tudor, mtungi hutoka jasho tu kama mwenyewe. Basi kila tone linaloruka kutoka kwenye mzinga ni mtungi mdogo: sehemu yake hukauka, iliyobaki ikaganda. Ndiyo sababu mwenye mlima hutegemea kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Hicho kikifika takriban nyuzi 2 chini ya sifuri, kazi inaanza. Hewa ikiwa kavu sana, hufika hapo hata kama kipimajoto cha kawaida kinaonyesha nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri. Kukiwa na ukungu, sharti baridi izidi.

Kituo cha skii cha Afriski, Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kimebahatika hapo: majira ya baridi ya milima ya Maluti ni makavu, na mizinga hupata usiku wa kufanyia kazi.

Kisha kuna hesabu ya pesa. Kampuni yenye milima kadhaa, mmoja ukikosa theluji mwingine huulipia. Mwenye mlima mmoja huuza tiketi za msimu mzima kabla theluji haijaonekana, na pesa hizo ndizo hurekebisha lifti. Wenye hoteli za Bamburi wanaijua hofu ya kukosa msimu kila masika, ila bahari yao haiyeyuki.

Saa tisa usiku mwenye mlima anatoka na tochi kutazama kile kipimajoto chenye kitambaa. Kikisoma 1 chini ya sifuri, anarudi kitandani. Kikisoma 3, anawasha pampu, na bili ya umeme inaanza kukimbia.