Kujua Mshindi Hakuondoi Hofu ya Vita

Je, anayejua mapema nani atashinda vita huwa na amani moyoni? Swali hilo limo katika An Echo in the Bone, riwaya ya mapenzi na safari za nyakati ya mwandishi wa Marekani Diana Gabaldon. Ilichapishwa mwaka 2009, na ni ya saba katika mfululizo wa Outlander ulioanza mwaka 1991.

Claire, muuguzi wa karne ya 20, alipita katikati ya mawe ya kale huko Scotland akajikuta katika karne ya 18, ambako aliolewa na Jamie Fraser. Miaka mingi baadaye wanaishi North Carolina, wakati makoloni ya Marekani yanapoasi utawala wa Uingereza. Kwa kuwa Claire anajua kwamba waasi watashinda, Jamie, aliyewahi kuapa kumtii Mfalme, anajiunga nao.

Hata hivyo, William, mwanawe Jamie aliyelelewa bila kumjua baba yake halisi, ni afisa wa jeshi la Mfalme. Huko Saratoga, mwaka 1777, baba na mwana wanajikuta katika pande zinazopigana.

Mapigano hayo yalitokea kweli. Jenerali John Burgoyne wa Uingereza alisalimu amri tarehe 17 Oktoba, na mwaka uliofuata Ufaransa ikaingia rasmi upande wa waasi.

Claire aliyajua matokeo hayo kutokana na historia. Lakini historia haikumweleza nani katika jamaa zake angerudi nyumbani akiwa hai.