Miswada ya Kiswahili na Ugumu wa Kuondoa Ukoloni Katika Utafiti

Uondoaji wa ukoloni katika utafiti hujadiliwa zaidi katika kiwango cha nadharia. Makala haya yanaeleza kuwa ugumu wake umo pia katika kazi ya kila siku ya mtafiti, kwa kurejelea miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Ugumu wa kwanza unahusu umiliki wa maarifa. Miswada mingi kutoka Mombasa na Lamu imehifadhiwa SOAS, London, na nchini Ujerumani. Mikusanyo hiyo hujulikana kwa majina ya wakusanyaji, wakiwemo Taylor, Hichens na Dammann. Hata hivyo, Taylor alitegemea ujuzi wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, naye Muhammad Kijuma wa Lamu aliwanakilia tungo Hichens na Dammann. Mtafiti anayetaja jina la mkusanyaji peke yake huendeleza, pasi na kukusudia, dhana kwamba wanazuoni hao walikuwa watoaji wa data tu.

Ugumu wa pili ni wa usomaji. Kuwekwa kwa baadhi ya miswada mtandaoni kumepunguza haja ya safari, lakini hakumfai mwanafunzi asiyejua hati za Kiarabu. Huyo hutegemea matini zilizohaririwa, na kwa hiyo maamuzi ya wahariri wake.

Ugumu wa tatu ni wa tahajia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisimamia usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja. Tahajia sanifu haitofautishi /t/ ya meno na /t/ ya ufizi, ilhali lahaja za kaskazini kama Kimvita huzitofautisha. Utenzi wa Kimvita unapohamishiwa katika tahajia hiyo, sehemu ya fonolojia yake hufichika, hata mhariri akiwa mzawa wa Mombasa.

Zipo hatua zinazowezekana. Mtunzi na mnakili watajwe kabla ya mkusanyaji. Matini itolewe kwa unukuzi wa aina mbili, mmoja ukifuata mswada na mwingine tahajia sanifu. Na usomaji wa hati za Kiarabu ufundishwe katika shahada ya umahiri. Hatua hizi zinadai muda ambao ratiba za tasnifu hazina. Idara zinazohimiza utafiti wa aina hii hazina budi kuutenga muda huo na kuuhesabu unukuzi wa mswada kuwa kazi kamili ya kitaaluma.