Pepeta hufunzwa kinuni

Pepeta, yaani mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa hadi ulale bapa, haimngoji mtu apate nafasi. Katika kila shamba la mpunga kuna siku chache ambazo punje imeshapita hali ya maziwa na kuanza kukaza, ila ganda lake bado lina ukijani. Siku hizo zikipita, mpunga umekauka na kazi inabadilika. Kwa hiyo kijana wa Mang'ula anayetaka kukijua chakula hiki cha wazee wake hawezi kuanzia jikoni. Huanzia shambani, masika yakielekea ukingoni, akikata masuke pamoja na mtu anayejua yapi yamefikia na yapi bado.

Bonde la Kilombero, iliko Mang'ula, linajulikana kwa mchele, na mchele wake husifiwa sokoni hadi Dar es Salaam. Sifa hizo ni za wali. Pepeta ya Wapogoro na Wandamba, ambayo watu wa Rufiji nao wanayo, haisemwi sana nje ya kwao, ingawa kwa maoni yangu hakuna chakula kinachobeba harufu ya mpunga mpya kama hicho.

Ukishapukusa masuke, chukua mpunga kidogo tu, kiasi cha konzi mbili au tatu, uutie kwenye chungu kikavu kilichokwisha kupata moto. Koroga bila kuacha. Punje zitaanza kutoa harufu, kisha moja moja itapasuka. Hapo usingoje zaidi: mimina kinuni papo hapo na michi ianze kushuka. Mpunga ukipoa kabla ya kutwangwa, ganda hung'ang'ania na punje hukatika vipande badala ya kulala bapa. Ukiutoa mapema motoni, unagandana kinuni kama unga uliolowa. Ukiuchelewesha, unapasuka kama bisi. Hakuna saa wala kipimo kitakachokuonyesha katikati ya hayo mawili. Sikio na pua hujifunza kwa kusimama karibu na mtu aliyezoea.

Na kazi hii haitaki mtu mmoja. Mmoja anakaanga, wawili wanatwanga kwa kupokezana, wa nne ana ungo wa kupepetea pumba. Mkupuo wa kwanza ukiwa kwenye ungo, wa pili uko motoni. Anayejifunza huanzishwa kwenye ungo, kisha mchi, na chungu humjia mwisho, maana chunguni ndipo mpunga unapoharibika. Utaratibu huo ni mzuri kuliko somo lolote la kuandikwa, kwa kuwa aliyeshika ungo anaona kila kosa la chunguni likipita mikononi mwake.

Moto nao una habari yake. Mang'ula iko chini kabisa ya milima ya Udzungwa, na makao makuu ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992 yako hapa. Kwa miaka mingi wanakijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa. Msitu huu una uzito wake: humo anaishi kima wa Sanje, asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii, na vijito vinavyoshuka kutoka humo ndivyo vinavyonywesha vijiji na mashamba. Lakini mzigo wa amri hiyo ulitua kwa akina mama. Jikoni sasa kuna mkaa wa kununua, kuni za miti ya kupandwa, na pumba za mpunga. Chungu cha maharage kinachochemka kwa saa nyingi kinaumiza mfuko. Pepeta imebahatika, kwani kila mkupuo ni wa dakika chache, na jiko la mkaa linaumudu.

Ninachokihofia zaidi ni shamba lenyewe. Upande wa Kidatu na Msolwa miwa imeenea, na familia isiyolima mpunga haina mahali pa kukata masuke yenye ukijani. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wanalijua jambo hili kwa uchungu mkubwa zaidi. Vita viliwasukuma kambini kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na watoto wengi wakakulia kwenye mahindi na maharage ya msaada. Malakwang, mboga chachu inayopikwa kwa odii, yaani rojo zito la ufuta na karanga, na kuliwa na viazi vitamu, inataka bustani. Bibi anaweza kuwa hai na kumbukumbu zake zote, lakini bila majani ya kuchuma hana cha kumfundishia mjukuu.

Mang'ula haikupitia vita, na mavuno ya bonde hukaribiana na likizo ya Juni. Natamani wazazi waishio mijini wawalete watoto wakati huo, wapewe ungo.

Aliye mbali na shamba anaweza kutumia mpunga mkavu. Uloweke usiku kucha, uchuje asubuhi, kisha fuata njia ile ile ya chungu na kinu. Pepeta yake hutoka nyeupe na ngumu kidogo, wala haina utamu wa ile ya masuke mabichi, ila ikichanganywa na nazi iliyokunwa na sukari, ikaachwa kidogo ilainike, inanoga kwa chai ya asubuhi. Tafuta tu mwenzako wa kushika mchi wa pili.