Semboja wa Mazinde: Nguvu Bondeni, Kiti Mlimani

Ukitoka Korogwe kwa barabara ya Moshi, ukishaipita Mombo unafika Mazinde, milima ya Usambara ikiwa kulia kwako. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 hapa ndipo alipokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Hakuna Mkilindi, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, wa wakati wake aliyemzidi nguvu, na hata hivyo kiti cha ufalme hakukikalia. Naamini kosa lake kubwa limo humo: alishika madaraka, dhamana yake akamwachia mwingine.

Tuanze na utaratibu alioukuta. Wakilindi humtaja Mbegha kuwa mwanzilishi wa ukoo wao, mwindaji aliyetoka Nguu, nchi ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Handeni. Enzi za Kimweri, wana wa mfalme waliwekwa kuwa mazumbe, yaani watawala, katika sehemu mbalimbali za nchi, na kodi ya mifugo na mazao ilipanda hadi Vugha, makao ya mfalme mlimani. Mkulima alitoa akitarajia mvua, hukumu na ulinzi. Wasambaa waliamini kwamba nguvu ikikaa kwa mfalme mmoja nchi hupona, na wenye nguvu wawili wakishindana nchi huharibika, njaa ikaingia. Aliyekula kodi ndiye aliyeulizwa mvua ilipokosa kunyesha.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, Vugha ilimwangukia mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, aliyekuwa baba yake mdogo, alikuwa na kitu ambacho mlima haukuwa nacho, yaani njia ya misafara ya bonde la Pangani iliyopita mlangoni pake. Meno ya tembo na watumwa viliteremka pwani, bunduki na baruti vikapanda bara. Kwa bunduki hizo, na kwa wapiganaji aliowapata nje ya Usambara, Wataita wakiwemo, alimfukuza Shekulwavu. Kisha akamweka Vugha mwanawe, Kimweri Maguvu, mwenyewe akabaki Mazinde sokoni. Wakati huohuo Wabondei waliinuka na kuwafukuza Wakilindi kwao, na vita vya ndugu vikaendelea miaka mingi.

Yuko atakayesema kwamba bunduki zingeleta machafuko hata Semboja asingezaliwa. Ni kweli bunduki hazikuwa zake peke yake. Wazigua wa upande wa Handeni walizipata kabla yake, wakawazidi nguvu watu wa Kimweri huko nyikani. Lakini bunduki haimchagulii mtu pa kukaa. Semboja angeweza kupanda Vugha, akaiweka mali ya bondeni chini ya wajibu wa mfalme. Mwingine atasema alifanya hekima, kwa kuwa utajiri ulikuwa umeshahamia bondeni, na mtawala hukaa penye mali. Hoja hiyo ina uzito, ila inapima faida ya mtawala na kuisahau ya raia. Zumbe aliyetegemea kodi alihitaji mkulima abaki shambani, ashibe, amwamini. Zumbe aliyenunua baruti kwa watumwa aliweza kumgeuza mkulima yuleyule kuwa bidhaa. Mfalme wa Vugha alibaki na jina lisilo na nguvu ya kumkinga mtu, na mwenye nguvu aliyekaa Mazinde hakudaiwa mvua.

Wajerumani walipofika walikuta nchi iliyogawanyika, wakaishughulikia vipande vipande. Semboja alipatana nao, akafa mwaka 1895. Mwaka huohuo walimnyonga mwanawe Mputa, aliyemfuata Kimweri Maguvu Vugha, wakamtawaza Kinyashi, mwana wa yuleyule Shekulwavu aliyefukuzwa. Zaidi ya miaka 25 ya ushindi wa Mazinde ilikuwa imekwisha. Kifo cha Mputa kinaonyesha gharama ya ushindi huo ilimwangukia nani: baba alikaa penye mali, na aliyekikalia kiti alilipa kwa shingo yake. Kabla yake walikuwa wamelipa wakulima waliouzwa, ambao majina yao hayakuandikwa popote.